Aliyezikwa Ngong na Kuipenda Takaungu

Msomaji akiniuliza ni filamu gani ya zamani aitafute kwenye televisheni, humtajia Out of Africa, iliyopigwa hapa Kenya chini ya uongozi wa Sydney Pollack, ikatoka mwaka 1985 na kujinyakulia tuzo saba za Oscar. Lakini humpa na sharti: kwanza amjue mtu aliyeigizwa na Robert Redford. Sinema ina ulimi mtamu, na asiyeijua habari huimeza yote.

Denys Finch Hatton alizaliwa London tarehe 24 Aprili, 1887, katika ukoo wa makabaila. Alisoma Eton na Oxford, na mwaka 1911 akafika nchi hii. Mwaka huohuo Wamaasai walitiliwa mkataba wa pili na serikali ya kikoloni, wakatolewa Laikipia na kusukumwa kusini, katika hifadhi ambayo Kajiado ya leo ilikuwa sehemu yake. Mgeni alifunguliwa mlango, mwenyeji akafungiwa. Basi mtazamaji anapostaajabia uzuri wa nyika zile, asisahau kuwa zilikuwa na wenyewe.

Mwaka 1918 alikutana Nairobi na Karen Blixen, bibi wa Kidenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong. Kitabu chake bibi huyo cha mwaka 1937 ndicho kilichoipa filamu jina. Denys alimletea gramafoni na kumfundisha Kilatini na Kiyunani. Humo nyumbani alikuwamo pia Farah Aden, Msomali, Mwislamu, aliyekuwa nguzo ya nyumba ile. Katika filamu ameigizwa na Malick Bowens, na kwa maoni yangu utulivu wake unazidi maneno mengi ya wenzake.

Denys alikuwa mwindaji wa kulipwa. Mwaka 1928, na tena 1930, alimwongoza mrithi wa ufalme wa Uingereza porini. Hata hivyo, alikuja kuchukizwa na waliowapiga simba risasi wakiwa wameketi ndani ya motokaa, akawakemea gazetini huko kwao. Safari ya 1930 mwana wa mfalme naye alishughulika zaidi na kamera kuliko bunduki.

Sisi watu wa pwani tuna fungu letu katika maisha yake. Alijipatia nyumba Takaungu, kaskazini mwa Mombasa, akawa huenda kupumzika kando ya bahari. Baadaye alinunua ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, iliyomrahisishia safari zake.

Ndege hiyo ndiyo iliyomwua. Tarehe 14 Mei, 1931, aliruka kutoka Voi, na muda si muda ikaanguka na kuwaka moto. Alikuwa na umri wa miaka 44. Alizikwa kwenye milima ya Ngong, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kajiado. Karen Blixen aliporejea Denmark, aliletewa barua ya kumweleza kwamba simba wameonekana wakipumzika juu ya kaburi lile.

Simba wa nyika hizo wamebaki wachache, na ugomvi wao na binadamu haujesha. Mwezi Juni 2012, huko Kitengela, simba sita waliuawa baada ya kuvamia mifugo. Mfugaji analilia mbuzi wake, na mtazamaji aliyeketi sebuleni analilia simba. Kila mmoja ana haki yake, na filamu peke yake haitoshi kuwapatanisha.

Itazameni, basi, na watoto wenu muwaeleze. Muwaambie na hili pia: asubuhi ile ya Voi Denys hakuwa peke yake. Alikuwa na mtumishi wake, Kamau, Mkikuyu, aliyeungua pamoja naye. Mmoja amewekewa mnara, kitabu na filamu. Wa pili tumeachiwa jina tu, nalo tusilipoteze.