Enrico Fermi na Joto Lililokataa Kusambaa

Enrico Fermi alizaliwa Roma tarehe 29 Septemba 1901. Kaka yake Giulio, mwenzake wa kila mchezo, alifariki mwaka 1915, na kijana akazama vitabuni. Kitabu kimoja cha fizikia alichokinunua katika soko la Campo de' Fiori kilikuwa cha Kilatini. Alikisoma hivyo hivyo.

Mwaka 1922 alipata udaktari huko Pisa. Mwaka uliofuata alishughulikia swali la kale: vitu vingi vikigusana, je, nishati yao husambaa mpaka kila kimoja kipate fungu lake? Hiyo ndiyo hali ya usawa wa joto: chai ya moto ikiachwa mezani hupoa mpaka ilingane na hewa ya chumbani. Fermi, akiwa kijana bado, aliona amethibitisha kwamba badiliko dogo katika mfumo linatosha kuufikisha huko.

Sifa zake zilikuja kwa mambo mengine. Mwaka 1938 alipewa Tuzo ya Nobel, na kutoka Stockholm akahamia Marekani na familia yake, kwa kuwa mkewe Laura alikuwa Myahudi na Italia ilikwisha kutunga sheria za ubaguzi. Tarehe 2 Desemba 1942, huko Chicago, aliwasha mtambo wa kwanza wa nyuklia. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la Wakongo.

Lile swali la ujana halikumwacha. Kuanzia mwaka 1953, huko Los Alamos, yeye, John Pasta na Stanislaw Ulam waliipa kompyuta hesabu ya mnyororo wa chembe zisizozidi 64. Programu iliandikwa na Mary Tsingou, ambaye jina lake halikuwekwa miongoni mwa waandishi. Nishati iliingizwa katika mtetemo mmoja, wakingoja isambae. Ilihamia mitetemo michache, kisha karibu yote ikarudi ilikoanzia. Fermi alifariki tarehe 28 Novemba 1954, kabla ripoti haijatoka.

Mwaka 2017 watafiti wa Harvard na wenzao walipanga atomi 51, kila moja ikitenda kama spini, yaani sumaku ndogo sana ya kikwanta. Baadhi ya mipangilio ilijirudia-rudia badala ya kutulia. Swali bado li hai.

Naandika haya kwa sababu sisi wanaisimu tuna imani inayofanana na ile ya mwaka 1923. Twasema Kibembe kitayeyuka tu ndani ya Kiswahili cha soko la Baraka, kisha Fizi milimani nako kufuate. Huenda ikawa hivyo. Lakini Fermi, miaka 30 baada ya kuamini, alipima, na matokeo yakamkatalia. Anayetaka kuandika kifo cha Kibembe katika tasnifu yake, kwanza aketi Baraka na Fizi, ahesabu nani anasema nini, na anasema na nani.