Kichaa wa Jana, Nabii wa Kampeni

Hapa Khayega, kila uchaguzi unapokaribia, marehemu mmoja hufufuka. Ni Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, aliyefariki mwaka wa 1987, na ambaye tangu hapo amepiga kampeni nyingi kuliko wabunge wengi walio hai. Anatajwa sokoni, anatajwa katika matatu za kwenda Kakamega, anatajwa hata uwanjani mafahali wanapopigana na isikuti inapovuma. Kila chama huja na Masinde wake mfukoni, na ajabu ni kwamba Masinde wote hao huunga mkono mwenye mfuko.

Unabii wenyewe unajulikana. Inasemekana mzee huyo alitabiri kwamba uongozi wa nchi utawafikia watu wa Mulembe baada ya kupitia kwanza kwa watu wa ziwani. Nimeusikia ukinadiwa mwaka wa 2007, 2013, 2017 na 2022. Riziki yangu ni isimu, na kilichonivutia ni sarufi ya unabii huo. Kabla ya kura husemwa kwa kiambishi -ta-. Matokeo yakishatangazwa, wafasiri hugundua kwamba mzee alikuwa ametabiri hayo hayo yaliyotokea, na -li- huvishwa kanzu ya -ta- bila aibu. Unabii usioweza kukanushwa na tukio lolote ni kama mpira wa kufungia mizigo: huvutika kadiri ya mzigo. Nao wanahabari wetu huutangaza kila baada ya miaka mitano bila kuuliza maswali ambayo mwalimu yeyote wa Historia angeuliza: aliyasema wapi, lini, mbele ya nani, na nani aliyaandika?

Tuwaache wafasiri, tumtazame mtu mwenyewe. Masinde alizaliwa Kimilili, mnamo 1910 hivi, akasomeshwa na wamisheni wa Kikweka, akabatizwa. Alikuwa mwanasoka hodari, nahodha wa timu ya Kimilili, na mnamo 1930 hivi alivaa jezi ya Kenya dhidi ya Uganda katika kombe la Gossage. Baadaye akaajiriwa na baraza la wenyeji kupeleka samansi. Yaani serikali ilimlipa mtu huyu awapelekee wenzake barua za kuwaita mahakamani, na haikuota kwamba angekuja kuwafundisha wenzake hao kuzikataa.

Kanisa lilimtoa kwa sababu ya kuoa mke wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Dini ya Msambwa, iliyowarudisha watu kwenye ibada za mababu na kudai kwamba wazungu waondoke na ardhi irudi kwa wenyewe. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vikipiganwa, na vijana walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi. Mwaka wa 1944 Masinde alikaidi amri hizo hadharani, na mwaka wa 1945 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi.

Tusikimbie hapo. Mtu anapinga kazi ya kulazimishwa, na serikali inayopigana Ulaya kwa jina la uhuru inaamua kwamba ana wazimu! Msimamizi wa Mathari miaka hiyo alikuwa Daktari J. C. Carothers, yule ambaye mwaka wa 1954 serikali hiyo hiyo ilichapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Huo ndio uliokuwa mtindo wa utawala: Mwafrika akilalamikia shamba lake, atafutiwe daktari. Neno kichaa lilifanya kazi ambayo hoja haikuweza kuifanya, kwani kichaa hajibiwi, hufungiwa tu.

Alipoachiliwa mwaka wa 1947, aliwaongoza maelfu ya watu kwenda kilima cha Chetambe kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895. Kwa watawala, kuwakumbuka wafu ulikuwa uchochezi. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake, wakaua watu 11. Siku chache baadaye dini ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa. Alipelekwa Lamu, kisha Marsabit, akakaa kizuizini zaidi ya miaka kumi. Sisemi kwamba alikuwa malaika. Wafuasi wake walilaumiwa kwa kuchoma majengo, naye alikuwa mkali asiyevumilia kupingwa. Lakini mwenye bunduki ndiye pia aliyekuwa na karani, na taarifa ikiandikwa na karani wa mwenye bunduki, marehemu ndiye hupatikana na hatia.

Alirudi nyumbani uhuru ulipokuwa ukinusia. Mwaka wa 1964 dini yake ikaruhusiwa, na mwaka wa 1968 serikali ya wananchi ikaipiga marufuku tena. Masinde akaingia jela tena, safari hii akipelekwa na askari weusi chini ya bendera yenye ngao na mikuki. Kosa lilikuwa nini? Aliendelea kuuliza swali lile lile. Mashamba ya walowezi yaligawiwa kwa mikopo ambayo mwananchi alitakiwa kuilipa, naye na wafuasi wake hawakuelewa kwa nini mtu anunue kilichokuwa chake. Ikumbukwe kwamba Mzee Kenyatta mwenyewe alikuwa ametoka kizuizini, na mwaka wa 1960 Gavana Renison alikuwa amemchora mbele ya ulimwengu kama kiongozi wa giza na mauti. Aliyepakwa masizi na serikali moja alikuja kukalia kiti cha serikali nyingine, akakikuta kile chungu cha masizi bado kina kitu, na hakukimwaga.

Sasa tumefika kwenye zama za heshima. Katiba ya 2010 imetupa Siku ya Mashujaa, na wanasiasa hulitaja jina la Masinde kwa sauti ya kuvunjika. Wengi wao wangemfunga kabla ya jua kuchwa angalifufuka kweli na kuwauliza walivyopata mashamba yao. Shujaa anayefaa ni yule aliyekufa, kwa sababu haulizi. Ni kama pale uwanjani: fahali akishinda, mwenye kamba hubebwa juu juu na kupigwa picha, jasho na majeraha ni ya fahali.

Wala sisi umma tusijifiche nyuma ya wanasiasa. Unabii hutupendeza kwa sababu hautudai kitu. Hatuhitaji kusoma manifesto wala kuuliza zahanati ina dawa gani. Tunangoja tu zamu yetu iliyoandikwa mbinguni. Mtaalamu wa kampeni analijua hilo, na gazeti linalotaka kuuzwa linalijua pia.

Hoja yangu ni kwamba aliyemwita Masinde kichaa na anayemwita nabii wanafanya kazi moja. Wote wawili wanamnyamazisha. Wa kwanza alisema maneno yake hayana maana kwa kuwa yanatoka kwenye wazimu. Wa pili anasema maana yake iko mbele, siku isiyojulikana, na mwenye ufunguo ni yeye. Katikati wanapotea watu 11 wa Malakisi, kazi ya kulazimishwa, na swali la ardhi, mambo ambayo Masinde aliyasema kwa wakati wake, akayalipia kwa miaka mingi ya maisha yake.

Walimu wenzangu, hapa tuna somo lisilohitaji maabara. Watumeni wanafunzi kwa wazee wakakusanye masimulizi, wayalinganishe na vitabu, watenganishe aliyeona na aliyeambiwa. Nanyi wanafunzi, mtakapopiga kura yenu ya kwanza mtaletewa Masinde mwingine kwa gari lenye vipaza sauti. Msimpigie makofi kabla ya kumkagua. Masinde halisi aliwahi kupeleka samansi, akajua kwamba hati isiyo na sahihi haimwiti mtu mahakamani. Unabii usio na sahihi nao usimwite mtu kwenye debe la kura.