Mwaliko Uliokuwa Njiani

Tarehe 11 Septemba 1814, katika mapigano ya Plattsburgh, kombora la Waingereza lilipasuka kama futi mbili kutoka pale aliposimama Kapteni William Miller. Askari wake mmoja alikufa na watatu wakajeruhiwa. Yeye hakupata hata mkwaruzo.

Jambo hilo lilimsumbua, maana hakuamini kwamba Mungu hujishughulisha na mambo ya wanadamu. Alizaliwa mwaka 1782, akalelewa na mama mcha Mungu huko Low Hampton, jimbo la New York. Lakini alipooa na kuhamia Poultney, Vermont, aliungana na marafiki walioamini kwamba Mungu aliiumba dunia kama fundi aundavyo saa, kisha akaiacha ijiendeshe. Katika dunia ya namna hiyo hakuna ombi linalojibiwa, na mtu akifa amekwisha. Siku ile ya Septemba jeshi la Uingereza, lenye askari zaidi ya 10,000, lilirudishwa nyuma na Wamarekani waliokuwa wachache zaidi, sehemu kubwa yao wakiwa mgambo. Miller alianza kufikiri kwamba upo mkono ulio juu ya mikono ya watu. Lakini yule askari aliyekufa je? Kuokoka kwa Miller hakulijibu swali hilo, na wanaosimulia kisa hiki wasilipite haraka.

Baada ya vita alirudi Low Hampton kulima. Kanisani kwa mama yake, mchungaji asipokuwepo mashemasi walisoma hubiri kutoka kitabuni, nao walisoma vibaya. Basi wakampa Miller asome. Jumapili moja ya Septemba 1816, akisoma juu ya wajibu wa wazazi, sauti ilimkatika akashindwa kuendelea. Ndipo alipompata Mwokozi. Kwa miaka miwili aliisoma Biblia fungu kwa fungu, akitumia itifaki ya Cruden, na Danieli 8:14 likamfikisha kwenye hitimisho kwamba Kristo atarudi baada ya miaka ipatayo 25.

Dhamiri ilimwambia akauambie ulimwengu. Alikataa kwa miaka 13. Hakuwa mhubiri, alijitetea; hakuwa na ufasaha (linganisha Kutoka 4:10). Hatimaye, Jumamosi moja ya Agosti 1831, alifanya agano na Mungu: akialikwa kuhubiri, atakwenda. Akaona amepumzika, kwa kuwa nani angemwalika mkulima wa miaka 49?

Haikupita nusu saa mlango ukabishwa. Alikuwa mpwa wake kutoka Dresden, maili kama 16 kutoka hapo, amekuja kumwomba mjomba akawafundishe watu kesho yake, kwa sababu hawakuwa na mhubiri. Angalia mwendo wa kijana huyo. Maili 16 hazimalizwi kwa nusu saa. Miller alipokuwa bado anatafuta njia ya kukwepa, jibu lilikuwa tayari njiani (Isaya 65:24).

Hakufurahi. Alitoka kwa hasira bila kumjibu kijana, akaingia katika kijisitu nyuma ya nyumba, akashindana na Mungu huko mpaka akakubali. Kesho yake alihubiri Dresden, akabaki wiki nzima, na watu wengi wakaongoka. Aliporudi nyumbani alikuta barua ya kumwalika Poultney, kwa wale wale waliomjua alipokuwa akiidhihaki dini.

Maelfu walimwamini. Tarehe 22 Oktoba 1844 ikapita, na Bwana hakuja. Je, maongozi ya Mungu yalikosea mlango? Waadventista wameona kwamba hesabu ya siku ilikuwa sahihi, na tukio ndilo lililoeleweka vibaya. Hata hivyo inafaa kutofautisha: mwaliko ule ulimtuma Miller kuhubiri, haukumpa uhakika kwamba ameelewa kila kitu. Mungu alimtumia mtu aliyeliona jambo kwa sehemu.

Mapema mwaka 1845 kanisa lake la Kibaptisti lilimtenga. Yeye alikiri wazi kosa lake kuhusu wakati, wala hakuacha kumtazamia Bwana. Sabato hakuipokea. Mwaka 1848 alijenga kanisa dogo karibu na nyumba yake kwa ajili ya waamini wachache waliobaki, macho yake yakiwa yanafifia. Alifariki tarehe 20 Desemba 1849, akazikwa Low Hampton.