Lincoln na Sheria za Kuhamisha Barabara

Aghalabu wanafunzi wetu humjua Abraham Lincoln kwa mambo mawili: kukomeshwa kwa utumwa Marekani na risasi iliyomuua Aprili 1865. Vitabu vya historia humpokea akiwa tayari amepevuka, mwenye ndevu na kofia ndefu, kana kwamba alizaliwa akiwa Rais. Kwa maoni yangu, utawala aliujifunza mashambani Illinois, kabla hajaiona Washington, katika kazi isiyokuwa na fahari yoyote: kupima barabara na kupitisha sheria za kuzihamisha.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky, akakulia Indiana, na mwaka 1831 akahamia New Salem, kijiji kidogo kilichokuwa juu ya mto Sangamon. Masomo yake yote ya darasani, ukiyajumlisha, hayakutimia mwaka mmoja. Mwaka 1832 aliwania kiti cha Bunge la jimbo akashindwa, ijapokuwa kijijini kwake alipata kura 277 kati ya 300. Duka alilofungua na mwenzake likafilisika, likamwachia madeni. Ndipo mwaka 1833 alipoteuliwa naibu wa mpima ardhi. Kazi yenyewe hakuijua. Aliazima vitabu, akajifundisha hesabu za pembe, akapata dira, mnyororo na farasi kwa mkopo. Mdai wake alipokwenda mahakamani, vitu hivyo vikapigwa mnada. Rafiki akavinunua na kumrudishia.

Yafaa tueleze barabara ilikuwa kitu gani siku hizo. Njia nyingi zilifuata nyayo za wanyama na za wenyeji wa asili, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kufukuzwa katika ardhi yao. Kisha ile sheria ya mwaka 1785 ikaikata nchi kwa miraba, kila mmoja maili moja kwa maili moja. Mlowezi alinunua mraba au sehemu yake, akakuta njia ya zamani imelikata shamba lake mshazari. Akijenga ua, amewazuia wasafiri. Asipojenga, mahindi yake yanakanyagwa. Jirani naye hakutaka njia isogezwe upande wake. Watu waliandika maombi, wakatia sahihi, na mbunge akayapeleka kwenye Bunge. Sheria iliyotoka iliwataja watu, kwa kawaida watatu, waliopaswa kuapa, kuikagua njia mpya, kuitia alama, na kuwasilisha ramani yake wilayani, wakijitahidi kutodhuru mali ya mtu pasipo lazima.

Mwaka 1834 Lincoln mwenyewe alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo. Alipima barabara ya takriban maili 26 kutoka kivuko cha Musick, katika kijito cha Salt Creek, kupitia New Salem hadi mpaka wa wilaya kuelekea Jacksonville. Ripoti za aina hii hunivutia kama mwanaisimu: ni digrii na minyororo tu, kila mnyororo futi 66, na minyororo 80 kwa maili. Vivumishi havina nafasi humo, kwa kuwa kila neno lingeweza kugombaniwa mahakamani. Anayestaajabia ufupi wa hotuba zake za baadaye asiisahau shule hii.

Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mbunge, akakaa katika Bunge la Illinois kwa vipindi vinne. Mmoja wa miswada yake ya kwanza ulimruhusu Samuel Musick kujenga daraja la kulipia katika kijito kilekile. Yamkini msomaji ataona mambo haya ni madogo. Lakini barabara ikisogezwa maili mbili, mwenye duka alifunga, na mwenye kivuko alikosa riziki. New Salem yenyewe ilishindwa na Petersburg, mji wa jirani ambao Lincoln aliupima mwaka 1836. Kufikia 1840 ilikuwa imekuwa mahame. Husimuliwa kwamba huko Petersburg aliupinda mtaa mmoja kwa makusudi ili nyumba ya mjane isibomolewe. Siwezi kuithibitisha hadithi hiyo, ila inaonyesha watu walitarajia nini kwa mwenye mnyororo.

Tusimgeuze malaika. Februari 1837 Bunge lilipitisha mpango wa reli, mito na barabara uliozidi dola milioni 10, na Lincoln akaupigia kura kwa moyo wote. Siku chache hazikupita, makao makuu ya jimbo yakaamuliwa kuhamishwa kutoka Vandalia hadi Springfield, katika wilaya yake. Wapinzani walidai kwamba yeye na wenzake wanane wa Sangamon waliuza kura zao za barabara ili wapate mji mkuu. Wanahistoria hawajaafikiana juu ya shutuma hiyo. Lisilo na ubishi ni kwamba mwaka huohuo fedha ziliyumba kote Marekani, kazi zikakwama, na jimbo likalemewa na deni lililolipwa kwa miongo kadhaa. Lincoln aliendelea kuutetea mpango hata ulipokuwa umekufa. Huo, kwa mtazamo wangu, ulikuwa ukaidi.

Julai 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, alitia sahihi sheria ya reli ya kwenda Pasifiki. Sheria ilimpa mamlaka ya kuamua upana wa reli na mahali pa kuanzia upande wa mashariki. Aliamua upana uwe futi tano. Machi 1863 Bunge likatunga sheria nyingine ya kuupunguza, naye akaitia sahihi. Mahali pa kuanzia alipachagua Novemba mwaka huo: mpaka wa magharibi wa Iowa, karibu na Council Bluffs, alikokuwa amefika mwaka 1859. Reli mbili zilikutana Utah tarehe 10 Mei 1869. Lincoln alikuwa amekwisha kuzikwa miaka minne, katika Springfield, mji ambao kura yake ilisaidia kuufanya makao makuu.