Edward Tingatinga: Mchoraji wa rangi za baiskeli aliyewaachia wengi ajira

MWANAFUNZI wa Kitale au Bungoma anapowaarifu wazazi wake kwamba anataka kusomea usanifu wa grafiki au utengenezaji wa filamu za katuni, aghalabu huulizwa swali moja: je, kuchora kutakulisha? Jibu limo katika maisha ya Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania aliyechora kwa takriban miaka minne tu, lakini ambaye mtindo wake ungali unawapa watu riziki zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake.

Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, katika familia ya wakulima wadogo. Alipata elimu haba, wala hakuwahi kuketi katika darasa la sanaa. Katika miaka ya 1950 aliondoka kwao akaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Baadaye alihamia Dar es Salaam, ambako alitumika nyumbani kwa afisa mmoja Mwingereza, kisha akawa anashika kibarua chochote kilichopatikana.

Alianza kuchora mwaka wa 1968. Kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kununua turubai, alitumia hadibodi, zile mbao nyembamba za kuezekea dari, akazikata vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kila upande. Rangi zake zilikuwa zile zing'aazo za kupaka baiskeli. Juu ya usuli wa rangi moja alichora chui, tembo au ndege, kwa mistari dhahiri isiyo na vivuli. Picha hizo ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, mtaa wa Oyster Bay, walikofika wageni wengi kununua mahitaji yao.

Wateja walipoongezeka, Tingatinga hakuuficha ujuzi wake. Aliwaita jamaa na vijana wa kwao akawafunza, miongoni mwao January Linda, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia. Lakini mwaka wa 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafariki akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka wa 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama chao cha ushirika jijini Dar es Salaam.

Mwaka wa 2010 mtindo huo uliingia katika televisheni. Kipindi cha watoto kiitwacho Tinga Tinga Tales, kilichohuishwa katika studio ya Homeboyz jijini Nairobi, kilianza kuonyeshwa na BBC nchini Uingereza. Yule mnyama wa hadibodi sasa alikuwa akitembea na kusema. Mtindo wenyewe uliifaa kazi hiyo, kwa kuwa umbo lenye mpaka dhahiri na rangi isiyo na vivuli ni rahisi kuligawa viungo na kuvisogeza kwenye kompyuta, picha baada ya picha.

Kijana wa Kitale au Bungoma ana mafunzo mawili ya kuchukua hapa. Kwanza, asingoje kompyuta ya bei ghali ndipo aanze. Mchoraji wa mabango ya maduka na matatu huko kwao tayari anajua kupanga rangi na herufi ili msomaji azione kwa mbali, na huo ndio msingi wa usanifu wa grafiki. Programu za kompyuta atajifunza chuoni.

Pili, ajue haki zake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hulinda kazi iliyochorwa, lakini hailindi mtindo. Yeyote anaweza kuiga namna ya Tingatinga ya kuchora chui bila kuidai familia yake ruhusa. Kwa hivyo, msanii na atie sahihi kila kazi, aweke nakala, na aandikiane mkataba na mteja kabla ya kuanza. Tingatinga aliwaachia watu wengi kazi, ilhali yeye mwenyewe hakuishi kuyaona matunda yake. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mali bila daftari huisha bila habari.