Wangila: Dhahabu ya Seoul, mauti ya Las Vegas

Robert Napunyi Wangila, bondia pekee aliyewahi kuiletea Kenya medali ya dhahabu katika ndondi za Olimpiki, alizaliwa Nairobi mnamo Septemba 3, 1967. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 27.

Kabla yake, Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa na dhahabu za ndondi, lakini zote zilikuwa za Wazungu wa Afrika Kusini: Clarence Walker mwaka wa 1920, William Smith 1924, na wenzao wengine baadaye. Bondia mweusi hakuruhusiwa kuiwakilisha nchi hiyo. Kenya nayo ilikaribia mwaka wa 1972 mjini Munich, Philip Waruinge alipotwaa fedha na Dick Murunga shaba katika uzani wa welter. Kisha serikali ikasusia michezo ya 1976 na ya 1980, na kizazi kizima cha mabondia kikazeeka bila kuonja Olimpiki.

Wangila aliibuka bingwa wa uzani huo wa welter katika Michezo ya Afrika iliyoandaliwa Nairobi mwaka wa 1987. Mwaka uliofuata, mjini Seoul, alikutana katika fainali na Mfaransa Laurent Boudouani, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa. Katika raundi ya pili Wangila alimwangusha, pambano likaisha. Hakuwaachia majaji kazi yoyote, na heri hivyo, kwani katika ulingo uo huo walimpokonya Mmarekani Roy Jones ushindi wa wazi na kumpa mwenyeji Park Si-hun.

Mwaka wa 1989 aligeukia ndondi za kulipwa nchini Marekani. Ulingo ulikuwa mwingine kabisa. Seoul alipigana raundi tatu akiwa na kofia ya kukinga kichwa. Huku zingeweza kufika kumi au zaidi, kichwa wazi. Alishinda mapambano 22 na kushindwa matano.

La mwisho lilikuwa Las Vegas, Julai 22, 1994, dhidi ya David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez alilisimamisha kwa sababu ya makonde mazito ya kichwani. Wangila na meneja wake walilalamika kwamba refa ameharakisha. Aliporejea katika chumba cha kubadilishia mavazi alizirai, na hakuzinduka tena. Alikata roho Julai 24.