Olaudah Equiano: Aliyekamatwa Deptford Akauzwa, Akaja Kutetea Wenzake

Wengi wetu tunaobeba boksi huku Lewisham tunapita Deptford kila siku bila kujua kuwa pale mtoni Thames, Desemba 1762, kijana Mwafrika alikamatwa na bosi wake mwenyewe ili auzwe. Ni Olaudah Equiano.

Kwa maelezo yake, alizaliwa karibu 1745 kwa Waigbo, Nigeria ya leo, akaibwa angali mtoto. Wapo wanahistoria wanaobisha, maana kumbukumbu ya ubatizo wake inataja Carolina, Marekani. Afisa wa jeshi la majini, Michael Pascal, alimnunua akamtumikisha kwenye meli za vita. Miaka ikapita, kijana akajua kusoma, akabatizwa, akaamini kuwa vita vikiisha atakuwa huru. Lakini hakuwa na karatasi yoyote mkononi.

Meli ilipofika Deptford, Pascal akamsukumia kwenye mashua na kumuuza kwa nahodha aliyekuwa anakwenda Karibiani. Mshahara na fungu lake la ngawira vikabaki kwa bosi.

Huko Montserrat, Equiano alifanya biashara ndogondogo, akadunduliza vijisenti, na mwaka 1766 akanunua uhuru wake kwa pauni 40. Mwaka uliofuata akarudi London. Akakutana na Pascal Greenwich Park, hatua chache tu kutoka Deptford, akamdai chake bila woga. Hakupata hata senti.

Angeweza kushika hamsini zake. Lakini mwaka 1774 alimtafutia Mwafrika mwenzake, John Annis, kazi ya upishi melini. Mtu aliyewahi kummiliki Annis akaja na watu wakamteka. Equiano alihangaika mahakamani, akamwendea mtetezi maarufu Granville Sharp, akaweka wakili. Wakili akala hela, asifanye kitu. Annis akapelekwa St Kitts, akateswa mpaka akafa.

Mwaka 1786 serikali ilimpa Equiano kazi ya kusimamia vifaa vya Weusi maskini wa London waliokuwa wanapelekwa Sierra Leone. Akaona vitu vilivyolipiwa havipo, akamshtaki wakala wa safari. Matokeo yake, mwaka 1787 yeye ndiye aliyefukuzwa! Hakunyamaza, na baadaye serikali ikamlipa pauni 50. Mwaka 1789 akatoa kitabu cha maisha yake, akazunguka Uingereza na Ireland akipinga utumwa. Alifariki mwaka 1797. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku miaka kumi baadaye.

Ndugu zangu, ujanja wa Pascal haujafa. Dada zetu kutoka Mombasa na Kampala wanaahidiwa mishahara minono Ghuba. Wakifika, pasipoti inachukuliwa na malipo hayaonekani. Hata hapa London yapo. Basi usikubali kazi kwa maneno matupu, na pasipoti yako usimwachie mtu. Na wewe uliyemtafutia mwenzio kazi, usimsahau akishaingia. Mpigie simu, umuulize kama amelipwa.